UZI: Kuifuata Tour de France kwa gari-nyumba. Chagua mlima mmoja ukae, usiukimbize msafara

Mwana wa Kibosho (mtoa uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Wapo wadau walionifuata pembeni baada ya kugusia Tour de France kwenye uzi wa magari. Wanataka kujua mtu anaanzaje kuzifuata zile mbio kwa gari-nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani, Wafaransa huliita camping-car. Nimeona badala ya kujibu mmoja mmoja niandike hapa, kila mtu achukue linalomfaa. Tumeshakwenda mara mbili kifamilia, mimi, mama watoto na watoto wawili, mwaka 2022 na 2024, tukitokea Stuttgart tunakoishi. Mwaka huu wa 2026 tunarudi, Mungu akijalia.

Kwa asiyefuatilia baiskeli: ni hatua 21, kila hatua ni mbio ya siku moja, ndani ya siku 23, mapumziko siku mbili tu, zaidi ya kilomita 3,000. Mwaka huu wanaanza Barcelona tarehe 4 Julai na kumaliza Paris tarehe 26. Kiingilio hakuna. Unasimama kando ya barabara na bingwa wa dunia anakupita karibu kiasi cha kusikia anavyohema. Sijui mchezo mwingine mkubwa unaomkaribisha mtu wa kawaida namna hiyo.

Sasa nianze na kosa ambalo karibu kila mgeni hulifanya, na sisi tulikuwa tumelipanga kabisa kwenye karatasi: kutaka kuona kila hatua. Ramani inakudanganya. Leo wanamaliza mji huu, kesho wanaanzia mji mwingine mbali, na katikati barabara za maana zimefungwa. Wewe una gari la mita saba ambalo halikati kona za vijijini. Unafika usiku, maegesho yamejaa, watoto wanalia njaa. Kesho yake unasimama kwenye tambarare, kundi linapita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 45 kwa saa, unahesabu moja mpaka ishirini, wameisha. Ishirini tu, wakuu! Unarudi kwenye usukani.

Mlimani mambo ni mengine. Pale wanapanda mmoja mmoja, makundi yamekatika vipande, na kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho inaweza kupita zaidi ya nusu saa. Unaiona kila sura. Ndiyo maana nasema, chagua mlima mmoja, uende mapema, ukae hapo siku tatu au nne, ukiondoka uondoke umeshiba.

Sisi 2022 tulichagua Alpe d'Huez. Kilomita 13.8 kutoka bonde la Bourg-d'Oisans, mwinuko wa wastani asilimia 8.1, kona 21. Kona zimewekewa namba zinazohesabiwa kurudi nyuma, ya 21 iko chini na ya 1 iko juu, na kila kibao kina majina ya walioshinda pale. Wa kwanza kabisa ni Fausto Coppi, 1952. Hatua ilikuwa Alhamisi tarehe 14 Julai, sikukuu ya taifa ya Ufaransa. Tulifika Jumatatu jioni, waendeshaji wenyewe wakiwa kwenye siku ya mapumziko, na tayari ukingo wa barabara ulikuwa umejaa. Tulipata upenyo karibu na kona ya 10 kwa sababu Mholanzi mmoja mzee alisogeza gari lake mita moja na nusu bila hata kuombwa. Akashuka, akasimama nyuma yangu akinielekeza kwa mikono nirudi, nirudi, simama. Baadaye akatuletea kahawa. Hiyo ndiyo kadi yetu ya kuingilia mtaa ule.

Maana ule ni mtaa kweli. Mpaka Jumanne unajua nani anatoka Denmark, nani Ubelgiji, nani ana jenereta, nani anakoroma. Watu wanapaka rangi nyeupe barabarani kuandika majina ya wachezaji wao. Kona ya 7 ni ya Waholanzi, nguo za rangi ya chungwa tupu na muziki usiku kucha, desturi ya tangu enzi ambazo Waholanzi walishinda pale mara nyingi, miaka ya 1970 na 1980. Mwenye watoto wadogo asiegeshe karibu na hapo kama anataka kulala.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni mteremko. Gari limesimama kwenye asilimia nane, ina maana kitanda, meza na jiko vyote vimelala upande. Tulikuwa na kabari mbili za plastiki za kupandishia tairi, zikapunguza lakini hazikumaliza. Tulilala vichwa upande wa juu. Ugali tuliupika wawili: mama watoto anasonga, mimi nimeshika sufuria kwa vitambaa viwili isiteleze kwenye moto. Na friji ikafa. Ile ya kwenye magari haya mengi haina kompresa, inapoza kwa gesi au umeme kwa njia ya joto na kimiminika kinachozunguka chenyewe, na gari likiinama sana mzunguko unasimama. Kampuni iliyotukodisha ilitueleza mpaka namna ya kukunja pazia, lakini hili hawakulitaja. Kilo tatu za nyama ya mbuzi tuliyotoka nayo Stuttgart tukaikuta imeshaanza kutoa harufu Jumatano asubuhi. Niliumia, kwa sababu ilikuwa ya kuchoma siku yenyewe ya mbio. Kwa hiyo chukua kabari kubwa za ngazi tatu, chukua na ile pimamaji ndogo ya fundi seremala. Kama sehemu imeinama kuliko kabari zako, bebeni vyakula vikavu: dagaa, maharage, mchele, unga.

Kuhusu kuegesha. Kila mlima una amri ya mkoa husika inayosema magari yanaruhusiwa mpaka lini na wapi. Amri hizo hutoka karibu na tarehe, zitafute kwenye tovuti ya mkoa. Milima maarufu hufungwa mapema, na askari wakishafunga hawafungui kwa ajili ya mtu. Gari lote liwe nje ya mstari wa lami, kiti na mwavuli navyo vivyo hivyo. Na usilaze gari kwenye nyasi za mfugaji bila kumuuliza. Wale ni watu wenye ng'ombe, kama sisi tu.

Na usiondoke siku ile ile. Gari la ufagio, lile la mwisho kabisa nyuma ya waendeshaji wote, likishapita, kila mtu anawasha injini, foleni inashuka kwa mwendo wa kinyonga na breki zinanuka mlima mzima. Sisi tulilala tena, tukashuka Ijumaa alfajiri barabara ikiwa nyeupe.

Karibuni kwa maswali.

---

Binti Ngamiani

Asante sana kaka kwa uzi, umenifungua macho. Nina watoto watatu, mdogo ana miaka minne. Maji na choo mlifanyaje siku nne mlimani? Na watoto hawakuchoka kusubiri mbio siku zote hizo?

---

Mwana wa Kibosho

Dada yangu, umeuliza penyewe.

Tenki letu la maji safi lilikuwa la lita 100. Majirani wawili wazungu waliishiwa siku ya pili kwa sababu walikuwa wanaoga kwa bomba la mvua. Sisi tuliokulia ndoo na kopo hatukupata shida: lita tatu mtu mzima, mbili mtoto, unatakata vizuri kabisa. Mama watoto alimfundisha jirani wa Kidenmaki, na yule dada aliifurahia mpaka akaja kuazima kopo. Ya kunywa tulibeba kwenye madumu pembeni.

Choo ndicho cha kupangia hesabu. Chini kuna kasha la kuvuta, linaingia kama lita 18 hivi. Watu wanne wanalijaza kwa siku mbili au tatu. Kulimwaga mtaroni ni aibu na ni kosa, maji ya ule mlima yanashuka kwa watu. Mabonde mengi ya Ufaransa yana vituo vya kumwagia na kujaza maji, vinaitwa aire de camping-car, ila ukishapata nafasi mlimani huwezi tena kushuka na gari. Kwa hiyo ingia kasha likiwa tupu kabisa, na mchana mtumie vyoo vya muda vilivyowekwa njiani au migahawa ya juu.

Watoto? Wale wangu walikuwa na miaka sita na tisa, na mpaka leo wanachokumbuka kwanza ni msafara wa matangazo. Unatangulia waendeshaji kwa karibu saa mbili: magari zaidi ya mia yaliyopambwa, muziki juu, vijana wamefungwa mikanda juu ya malori wanarusha zawadi. Pipi za Haribo, soseji kavu za Cochonou, kofia za madoadoa mekundu. Desturi hiyo ni ya tangu 1930. Binti yangu alidaka kofia mbili, moja akampa yule mzee wa Kiholanzi, naye akaivaa mpaka tunaondoka. Lakini nakuomba sana: mtoto wa miaka minne ashikwe mkono na mtu mzima mmoja ambaye hana kazi nyingine. Pipi huanguka kwenye lami, na gari la nyuma linakuja.

Usiku beba blanketi nzito. Mchana jua la Julai linachoma, usiku pale juu unatafuta sweta.

---

Gurudumu la Kikuyu

Ndugu, nakusoma kutoka Kenya na nimefurahi kweli. Mimi nilianza baiskeli nikiwatazama vijana wa kocha David Kinjah wakipita hapa Kikuyu, na Chris Froome alipitia mikono hiyo hiyo. Tarehe 14 Julai 2022 Froome alikuwa kwenye mbio. Ulimwona?

---

Mwana wa Kibosho

Nilimwona, ndugu yangu, na hilo ndilo lililonifanya niandike uzi mzima.

Siku hiyo walitoka Briançon, wakapanda mlima Galibier, yaani mita 2,642, kisha mlima Croix de Fer, halafu ndiyo wakaja kwetu. Sisi tulikuwa na redio ya jirani na simu moja yenye mtandao kwa watu kumi na wawili. Tukasikia waliotoroka mbele wamefika chini, na Froome yumo. Mtu huyu alizaliwa Nairobi 1985, ameshinda Tour mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Juni 2019 alianguka akavunjika paja, kiwiko na mbavu, na watu wengi walishamzika kimichezo. Alikuwa na miaka 37.

Kwanza helikopta. Unaisikia chini bondeni, halafu inapanda mpaka iko usawa wa macho yako. Halafu pikipiki za askari. Halafu kelele zinakuja kona kwa kona, kama moto kwenye nyasi kavu. Tom Pidcock akapita peke yake, kijana wa miaka 22, mwepesi kama hana mzigo. Nyuma yake Louis Meintjes wa Afrika Kusini. Kisha kukawa na nafasi, watu wakaanza kugeuka kutazama chini, na nikamwona Froome anaingia konani.

Kichwa ameinamisha, viwiko nje, anatazama mpini vile vile anavyotazama siku zote. Chumvi ya jasho imechora mistari myeupe kwenye kaptula. Nilikuwa nimejiandaa kupiga picha, simu ikabaki mkononi. Nikapiga kelele, "Twende kaka! Twende! Bado kidogo!" Mama watoto naye, "Kaza, baba, kaza!" Sijui kama alisikia chochote katika ule ukelele. Lakini alipotufikia alikuwa umbali wa mkono, na nilisikia mnyororo unavyokwaruza kwenye meno.

Akamaliza wa tatu, dakika 2 na sekunde 6 nyuma ya Pidcock. Meintjes wa pili. Yaani kati ya watatu wa kwanza Alpe d'Huez siku ile, wawili walizaliwa Afrika, mmoja wao kwenye mji ninaoweza kuufikia kwa basi kutoka Moshi. Dakika chache baadaye wakaja wakubwa wanaowania Tour yenyewe, Vingegaard na jezi ya njano ya anayeongoza mbio, aliyoivaa jana yake tu, Pogačar amemng'ang'ania nyuma. Kila mtu alikuwa anawatazama wao. Mimi nilikuwa nimekaa chini.

---

Gurudumu la Kikuyu

Umeniliza, bwana. Asante.

---

Mhaya wa Kigali

Wakuu, naongezea la huku kwetu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalikuja Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Shule zilifungwa wiki nzima. Tarehe 28, mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5 na walimaliza watu 30 tu. Nilikuwa kwenye ule mpando wa mawe wanaouita Ukuta wa Kigali, tangu alfajiri, na chupa moja ya maji na chapati nne. Watu walikuwa juu ya miti na mapaa. Pogačar alishambulia kabla tu ya hapo, kwenye Mlima Kigali, zikiwa zimebaki kilomita 104, akaenda kushinda.

Naliunga mkono wazo la mtoa uzi. Sehemu ya mpando unamwona mtu. Nilimwona bingwa wa dunia anang'ata meno, kwenye barabara ninayoipanda kwa bodaboda kila siku.

---

Dereva wa Antwerp

Mtoa uzi nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Mimi naendesha malori Ulaya mwaka wa kumi na tano. 2019 nilichukua likizo ya wiki tatu nikaifuata Tour yote na gari dogo la kulala. Uzuri wake ni kuiona nchi nzima ikisimamisha shughuli: bibi kizee ametoa kiti mbele ya nyumba, wakulima wamepanga marobota ya nyasi kwa umbo la baiskeli shambani waonekane kwenye helikopta. Ukikaa mlima mmoja hayo yote umeyakosa. Tambarare pia ni Tour.

---

Mwana wa Kibosho

Mkuu, wewe barabara ni ofisi yako na ulikuwa peke yako. Kwa mwenye watoto na anayeshika gari la aina hii kwa mara ya kwanza, bado nasimama pale pale. Ila nitakupa haki yako kwa siku moja.

2024 tulipita hatua ya tambarare, tarehe 6 Julai, ile inayomalizikia Colombey-les-Deux-Églises, kijiji cha Jenerali de Gaulle. Tuliegesha siku moja kabla kwenye shamba lililovunwa, kilomita chache kabla ya mwisho. Pembeni yetu kulikuwa na Waeritrea, familia nne, zimetoka Ujerumani na Sweden, wanawake na netela zao nyeupe, yale mashuka mepesi ya kujitanda, bendera zimefungwa kwenye mianzi mirefu. Walikuja kwa ajili ya Biniam Girmay, ambaye siku tano nyuma yake, kule Turin, alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour. Walitukaribisha chakula bila kutuuliza tunatoka wapi.

Kundi lilipita kama ulivyotarajia, upepo na rangi, ukaona kijani ya jezi yake, ile ya anayeongoza kwa pointi, na basi. Halafu wote tukarukia simu ya kijana mmoja iliyoegemezwa kwenye tairi. Girmay akamshinda Mbelgiji Jasper Philipsen kwenye mstari. Mama mmoja mtu mzima alipiga vigelegele, akaweka mkono usoni, akakaa kwenye nyasi. Watoto wangu walichezeshwa wakizungushwa mpaka giza. Na Girmay alifika Nice, mbio zilikomalizikia mwaka ule, na ushindi wa hatua tatu na jezi ya kijani.

Kwa hiyo ndiyo, tambarare ina siku zake. Lakini tulikuwa tumekaa pale siku mbili, mkuu. Tungekuwa tunakimbiza msafara, tungefika saa moja kabla na tusingewajua wale watu.

---

Fundi Spoku

Mkuu, mimi niko Dar. Kwa anayetokea nyumbani moja kwa moja inawezekana? Leseni je? Na gharama za barabara?

---

Mwana wa Kibosho

Inawezekana, ila anza mapema sana. Viza ya Schengen inakuruhusu siku 90 ndani ya 180, muda unatosha. Leseni ya kawaida ya gari dogo inabeba magari mpaka kilo 3,500, na magari mengi ya kukodi yako chini ya hapo, pamoja na mizigo yako yote, kwa hiyo usijaze. Chukua na kibali cha kimataifa cha kuendesha kabla ya kutoka nyumbani. Kampuni nyingi zina masharti ya umri na miaka ya leseni, yasome kabla ya kutoa amana. Julai ndiyo bei ya juu kabisa ya mwaka. Mkiwa familia mbili, gawaneni gari.

Barabara kuu za Ufaransa zina vibanda vya malipo, na kimo cha gari kinahesabika: chini ya mita 3 unalipa daraja la pili, kuanzia mita 3 unaingia la tatu, na tofauti inauma. Yale yenye kitanda juu ya kichwa cha dereva mengi yanavuka mita 3. Uliza kimo kabla ya kusaini. Kama unakodi nje ya Ufaransa, mitungi ya gesi haifanani nchi na nchi, ingia na mtungi wa akiba uliojaa.

---

Binti Ngamiani

Kaka, hujasema kwa nini mnarudi mwaka huu.

---

Mwana wa Kibosho

Kweli, nilisahau.

Mwaka huu Alpe d'Huez wanamalizia siku mbili mfululizo, Ijumaa tarehe 24 na Jumamosi tarehe 25 Julai. Kuegesha mara moja, kuona hatua mbili! Ijumaa wanapanda kona zetu 21. Jumamosi wanatokea upande wa nyuma, baada ya Galibier, kupitia mlima wa Sarenne, kwa hiyo aliye kwenye kona itabidi apande kwa mguu mpaka kijijini juu. Msiende na gari-nyumba kwenye barabara ya Sarenne, ni nyembamba na mbovu, ukikutana na gari lingine mtarudi nyuma nusu saa.

Sisi tunapanga kufika Jumatatu ya tarehe 20, amri ya mkoa ikiruhusu. Safari hii nina kabari za ngazi tatu na mbuzi tutamnunua Bourg-d'Oisans asubuhi ile ile. Yule mzee wa Kiholanzi aliniandikia mwezi uliopita, naye anakuja, ameniuliza kama binti bado anavaa kofia yake. Atakayepita kona ya 10 akaona bendera ya Tanzania imefungwa kwenye kioo cha pembeni, agonge mlango. Chai ya tangawizi itakuwepo.